Funga ya Kikombe

Swalehe, fundi wangu,

Hali sikuulizi. Shuleni tulifundishwa barua ianze na "mimi ni mzima wa afya, sijui wewe." Hapo kwenye "sijui wewe" nimekwama tangu mchana, nimechana karatasi mbili. Basi nianze na langu. Ninakunywa dawa, methadoni, ileile yako. Huu ni mwezi wa nane tangu nianze, kwenye dirisha lilelile la hospitali ulilonionyesha nikakucheka.

Bado niko huku Chimwaga, bado saidia fundi. Kwetu Newala sijarudi. Nilianguka kwenye ngazi nikiwa nimevuta unga, msimamizi akaniambia nijitibu au niondoke. Ndivyo nilivyofika dirishani. Si kwa ushujaa.

Nataka nikuambie habari ya Ramadhani ile. Unaijua, ila mimi sijawahi kuisema.

Siri yako nilikuwa nayo peke yangu. Wenzetu walidhani unachelewa kazini kwa sababu ya mwanamke. Mimi ulinipeleka mpaka getini ukaniambia, "Twende tuandikishwe wote, Maulidi. Hii inakutuliza, unafanya kazi kama mtu." Nikakujibu kwamba mwanaume anaacha unga kavukavu, bila dawa. Kumbe sikuwa nimeacha hata siku moja. Nilikuwa navuta nyuma ya tangi la maji, halafu nakuja kukukorogea saruji.

Basi jioni ile tumekaa juu ya mbao tunasubiri adhana, uji uko mbele yetu. Ukasema leo kiu imekushika. Nami, ili watu wacheke, nikasema, "Kiu gani, na asubuhi umeshapiga kikombe chako kwa nesi? Jamani, mwenzenu ana funga ya kikombe!"

Wakauliza kikombe gani. Nikawaambia. Nikawaambia yote, Swalehe.

Tangu hapo hukuitwa fundi tena. "Kikombe, lete pimamaji." "Kikombe, leo umefunga au umefungua?" Nawe ulicheka pamoja nao, ukainamia uji wako. Ulikuwa ukiniambia kwamba Mungu anajua ile ni dawa. Baada ya siku ile hukusema tena.

Kesho yake hukwenda dirishani. Ulifika kazini wa kwanza, tukakusifu. Siku ya tatu pua ikawa inatiririka, unajikunja juu ya jukwaa, mwiko unakutoka mkononi. Wenzetu walisema malaria. Mimi nilijua ni arosto, mwili unadai. Ni mimi tu niliyeweza kukuambia rudi, na mimi nikakuambia, "Kaza, fundi."

Ulikaza siku kumi. Sijawahi kuona mtu akikaza vile. Halafu ukaenda kutafuta unga, ukajidunga kipimo chako cha zamani, na mwili ulikuwa umeshakisahau. Tulikukuta chumbani, mlango umeegeshwa tu, kanzu ya Idi iko kwenye msumari.

Tulikupeleka kwenu Kondoa kukuzika. Mama yako aliniuliza swali moja: "Alikuwa amefunga?" Nikasema, ndiyo mama, alikuwa amefunga, homa ndiyo iliyomchukua. La funga lilikuwa kweli. Akanishika mikono yote miwili, akasema, "Basi mwanangu amekwenda vizuri. Asante kwa kumtunza." Akanifungia chupa ya mafuta ya alizeti nirudi nayo. Niliyapikia, Swalehe. Niliyala mpaka yakaisha.

Sasa sikia. Wiki iliyopita, mwezi ukikaribia kuandama, nilikwenda kumuaga nesi. Nilimwambia nasimamisha dawa mpaka Idi, maana siwezi kufunga huku nakunywa dawa mchana. Akaniangalia.

"Usimamishe? Nani kakutuma? Anayefunga anasema, namhamishia jioni, anakunywa akishafuturu. Mbona kila mwaka tunafanya hivyo."

Nikamuuliza, kila mwaka?

"Kila mwaka, baba. Nani alikuambia uchague moja?"

Nilitoka nikakaa chini ukutani, na walionifuata kwenye foleni wakanywa wote wakaondoka nikiwa bado nimekaa pale. Ilikuwa ni kuuliza tu. Nawe hukuuliza, kwa kuwa nilishakutia aibu kwa watu, na mtu mwenye aibu haulizi. Nami nilijifanya shehe wa kukupimia funga, ilhali moshi wa unga ulikuwa bado haujanitoka kifuani.

Nimefikiria niyaache hapa kwenye karatasi. Hilo lingekuwa jepesi. Lakini jana nilimpigia kaka yako, akasema mama haachi kuniulizia, ananiita rafiki mwema wa Swalehe.

Jumamosi napanda basi la kwanza la Kondoa, nitawahi kurudi jioni kunywa dawa. Nitamwambia mama kwamba si homa. Nitamwambia ulikuwa unajitibu, ulikuwa unapona, na aliyekukatisha ni huyu ambaye yeye alimshika mikono akamshukuru. Nami nitamwambia ninachokunywa, kwa mdomo wangu, hata kama nyumba imejaa watu. Akinifukuza nitatoka. Akinyamaza nitakaa pale pale mpaka aseme neno.

Msamaha sikuombi wewe, maana huwezi kuninyima. Nitamwomba yeye, anayeweza.

Kwaheri, fundi. Naogopa, lakini nauli nimeshalipa.

Saidia wako,
Maulidi