Herufi Kubwa, Herufi Ndogo

Jumatatu, 4 Machi
Umeme umekatika mara tatu kabla ya saa nne. Seva imewaka yenyewe kila mara. Ni kompyuta kuukuu ya stoo niliyoiwekea Linux, mfumo endeshi wa bure, na haijawahi kunisumbua. Wanaonisumbua ni watu. Mapokezi wana Windows, maabara wana Linux, daktari anakuja na laptopu yake ya nyumbani. Wote wanachukua mafaili sehemu moja, kwenye seva hiyo, na kitu kikigoma naitwa mimi. Hospitali nzima fundi ni mimi peke yangu. Nimechoka.

Jumatano, 6 Machi
Mvua. Sista Tumpe, muuguzi wa kliniki ya akina mama, kanifuata ofisini. Kuna mama wa kijiji cha Kisondela, Atupakisye, anaulizia majibu ya uvimbe wa titi. Leo ni mara ya tatu. Mapokezi wanaona majibu ya mwaka jana tu. Nimemwambia seva ni nzima, awaulize maabara. Sikuinuka hata kwenye kiti.

Alhamisi, 7 Machi
Lugano wa maabara anaapa majibu yalikuja kutoka Mbeya na aliyaweka kwenye seva. Mapokezi wanaapa hayapo. Wamegombana koridoni mbele ya wagonjwa. Nikafunga mlango.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeona.
Lugano huandika majina ya mafaili kwa herufi ndogo. Aliyekuwa maabara mwaka jana aliandika kwa herufi kubwa. Kwa Linux hayo ni mafaili mawili. Kwa Windows ni jina moja, na mapokezi wakiliandika kwa herufi kubwa wanaletewa lile la zamani. Majibu mapya yalikuwa palepale, wiki tano. Nimeyafungua. Ni saratani.
Kuna mpangilio wa kuzuia hili. Mistari miwili tu ya kuandika kwenye seva. Niliuona siku ninaiweka seva, nikasema nitaushughulikia baadaye.
Nimempelekea Sista karatasi ya majibu. Ameisoma amesimama.
"Wiki tano, Baba Neema," akasema. Basi. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 9 Machi
Simu ya mama yule haipatikani. Mimi na Sista tumekwenda Kisondela, bodaboda mbili, tope tupu. Tumemkuta anasafisha migomba. Katutolea viti, katuletea maparachichi. Sista akamweleza kwa Kinyakyusa, polepole. Nami nikasema kosa ni langu, si la maabara wala mapokezi.
"Ndaga, mwanangu. Asante kwa kuja," akasema. "Lakini mimi nilikuwa nakuja mwenyewe. Mara tatu. Kwa miguu."


Jumatatu, 11 Machi
Mama Atupakisye amepelekwa Mbeya na gari la hospitali. Nimerekebisha mpangilio, kisha nimepitia mafaili yote, jina kwa jina, siku nzima. Yaliyokuwa yamejificha ni kumi na moja. Tisa hayana neno. Mawili nimempa Sista, na wagonjwa wenyewe wameitwa leo hii hii. Macho yanauma. Lugano kaleta chai, akakaa.

Jumatano, 13 Machi
Sina hamu ya kuandika.

Ijumaa, 22 Machi
Wamempasua mama Atupakisye juzi. Sista amezungumza na wodi. Ameamka, anakunywa uji. Daktari wa kule hasemi kama zile wiki tano zimebadilisha kitu. Labda hatasema kamwe.
Mganga mkuu wetu alitaka maelezo ya maandishi. Nimeandika nusu ukurasa. Sikusingizia umeme, sikusingizia uchakavu wa vifaa. Nimesaini, nimempelekea. Ameyasoma, akayaweka kwenye droo, akasema atanijulisha.
Nimetoka saa kumi. Ukungu ulishashuka hadi barabarani. Nimetembea taratibu hadi mtaani kwetu, unaoitwa Bagamoyo kama ule mji wa pwani, nikanunua mkate, nikaingia nyumbani. Mke wangu akaniuliza kazi zinaendaje. Nikaketi, nikamweleza yote.