Mguu wa Wifi Yako

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili
14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo, na shemeji hajambo? Kile kikohozi kimekwisha, au bado unakiita vumbi tu? Mimi ni mzima wa mwili. Rohoni nina wivu, tena wa kitoto, na sina wa kumwambia ila wewe.

Wifi yako ametimiza wiki ya tano kitandani tangu avunjike nyonga. Mguu wa kushoto ulianza kuvimba. Daktari aliupima, akasema damu haijaganda, akampa vidonge vya kuizuia isigande na kuagiza achezeshe wayo kila saa, la sivyo atarudi wodini. Sababu yake ni hii: damu hushuka mguuni bila taabu, lakini kupanda hutegemea misuli ya shavu la mguu iikamue mishipa. Mtu akilala tu, damu hutuama.

Nilimweleza yote hayo. Nilimchorea mishipa na vali zake, vile vilango vinavyozuia damu isirudi chini. Alisinzia kabla sijafika gotini. Nikimhimiza achezeshe wayo, ananiambia, "Mwalimu, kengele imeshalia."

Ndipo akaanza kuja Majani, muuza mitishamba aliyekua naye mtaa mmoja. Anamwita mke wangu "fundi", kama enzi zile alipokuwa akishona nguo. Wanacheka mpaka najikuta jikoni naosha vikombe visafi.

Juzi alileta chupa ya tangawizi na kitunguu saumu vilivyokolezwa. Nakiri, nilifurahi. Nikawaza, leo amejikaanga kwa mafuta yake, namtoa nje kwa hoja. Sijafungua mdomo, akauliza, "Anameza vidonge gani?" Akasoma karatasi ya ndani ya boksi, akairudisha chupa mfukoni. "Hivi na dawa yangu havikai tumbo moja, Mwalimu. Akitokwa damu, huenda isikatike."

Wala hakuondoka. Aliweka kiganja chini ya unyayo wa mke wangu. "Haya fundi, kanyaga cherehani. Kuna sare za shule nzima."

Akakanyaga. Mara mia na ishirini. Nilihesabu nikiwa mlangoni. Miaka thelathini na minane nimeishi na mlio wa cherehani yake, na wazo lile halikunijia.

Uvimbe umepungua. Nimefurahi, ingawa ningefurahi zaidi kama ungepungua kwa mchoro wangu.

Jana Majani hakuja. Nikaweka kiganja changu mimi. Wifi yako akakanyaga mara tatu, akasimama. "Umekaza mno. Uzi utakatika." Nikalegeza mkono. Akaendelea, macho ameyafumba, nami sikueleza kitu.

Leo saa kumi Majani amebisha hodi. Nimemkaribisha vizuri na chai nimemmiminia, lakini kiti cha miguuni pa wifi yako nilikuwa nimeshakikalia.

Nisalimie shemeji na wapwa wangu wote wawili. Yule mkubwa mwambie mjomba wake anangoja barua. Mungu awape afya na miguu isiyochoka.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye siku zote,
Mwalimu