Ahadi Zilizoliua Neno "Anon"

Jumanne, Malvern

Na akinifukuza, anifukuze. Leo nimehama mwenyewe.

Tangu Pasaka patron, mwenye saluni yetu, ananiahidi kiti cha dirishani, pale mteja anapomwona msusi kabla hajaingia saluni. Nikiuliza, jibu ni moja: "Just now, Mama Neema." Hapa Joburg hiyo "sasa hivi" yaweza kuwa saa moja au mwaka. Nami nasuka huko nyuma, karibu na choo.

Jana Neema wangu alikuwa anasoma somo lake la Kiingereza, akacheka peke yake. Kuna neno la kale, "anon". Zamani lilimaanisha papo hapo. Lakini watu waliitikia "anon" bila kuinuka, mpaka maana ikageuka kuwa punde, kisha baadaye. Siku hizi halisemwi tena.

"Maman, ni kama just now ya patron wako!"

Sikucheka. Kumbe ahadi hewa huua hata neno.

Basi asubuhi nikabeba vitana na nywele za kusukia, nikapigilia kioo changu ukutani, kando ya dirisha. Patron akaingia, akasimama.

"Nilikuambia nini?"

"Ulisema just now, patron. Imefika."

Wenzangu wakaacha kusuka. Patron akanitazama, akasema tu, "Eish, huyu mama," akatoka nje.

Naogopa, sitajidanganya. Kodi ya chumba nalipa peke yangu. Ila kesho nitafika wa kwanza. Akitaka kunirudisha nyuma, aje aking'oe kile kioo kwa mikono yake, wateja wakimtazama.