Nyabol Wawili na Taa ya Kijani

Jumatatu, 6 Oktoba 2025. Kakuma

Kikao cha asubuhi kimeisha saa saba mchana. Saa saba! Na neno lenyewe lilikuwa moja tu: vikokotoo vya grafu vya darasa langu lazima viwekewe mfumo mpya kabla ya mtihani wa tarehe kumi na nane. Bila mfumo mpya haiwaki ile taa ya kijani inayoonyesha kumbukumbu ya kikokotoo imefungwa, na bila taa mwanafunzi hafanyi mtihani. Basi. Lakini Lomuria, mratibu wetu, alituonyesha picha ukutani, akatuhubiria "safari yetu ya kidijitali", halafu tukagawiwa fulana. Fulana za mfumo mpya! Mfumo wenyewe haujafika, waya wa kuuingizia haujafika — fulana zimefika. Yangu nimeigeuza tambara la kupangusia ubao.

Mtihani ni wa chuo kikuu cha ng'ambo. Anayepita anasomeshwa bure, awe mkimbizi au mtoto wa hapa Turkana. Umri unaokubaliwa ni chini ya miaka ishirini na mmoja. Wanafunzi wangu wameusubiri kuliko mvua.

Mchana nikawaambia kwamba mfumo mpya unafuta kila kitu walichohifadhi. Arop alikuwa ametengeneza mchezo wake mwenyewe, ng'ombe anavuka lagga ya Tarach, ule mto mkavu, kabla mafuriko hayajafika. Ulimchukua mwaka mzima. Hakulalamika. Aliucheza mara ya mwisho, akamwacha ng'ombe asombwe na maji, akakileta kikokotoo mezani. Mimi ndiye niliyetaka kulia.

Jumanne, 7 Oktoba. Lodwar

Faili la mfumo mpya ni zito, mtandao wa Kakuma hauliwezi. Kwa hiyo niko Lodwar, ofisi kuu, kwenye kiti cha wageni chenye mguu mmoja mfupi. Wenyeji wangu wamekaa chini ya feni wanatazama mabao ya juzi kwenye simu, wote kwa waifai ileile. Nikawaomba wapumzike kidogo, faili langu lipite. Mmoja akaniambia nipunguze hasira, Madam. Akaniletea soda. Soda ya moto kama chai!

Limeshuka jioni. Nimelala kwa dada yangu Nawoitorong. Kaniuliza nimefuata nini mjini, nikamweleza. Akauliza, kwani mfumo wa zamani umeharibika? Nikasema hapana. Akauliza, sasa?

Nje ya lango kuna lori la samaki kutoka Kalokol limeharibika tangu jana. Linanuka hadi chumbani. Ningekuwa na hasira nalo, lakini leo nimekaa mahali panaponuka zaidi. Samaki aliyeoza walau haitishi kikao.

Alhamisi, 9 Oktoba. Kakuma

Leo tumeanza. Unachomeka waya niliopewa Lodwar kwenye laptopu, unabonyeza vitufe viwili pamoja, mstari unaanza kujaa kwenye kioo. Usiguse! Ukikatiza katikati kikokotoo kimekufa, hakuna cha kukifufua. Upepo ulikuwa unamwaga vumbi hadi mezani, nikavifunika kwa leso yangu. Darasa zima lilisimama limebana pumzi.

Mstari ukajaa. Kikawaka. Nikashangilia mapema mno.

Kumbe kuna jambo halikusemwa kwenye vikao vyote vile. Kikishawaka, kinauliza jina la mwenyewe na tarehe ya kuzaliwa. Majina mawili tu, hakuna nafasi ya la tatu. Habari hizo zinakwenda kwa kampuni iliyovitengeneza huko ng'ambo, na kampuni ndiyo inayokifungua. Siku ya mtihani jina na tarehe vinaonekana kwenye kioo, msimamizi analinganisha na kadi ya mwanafunzi.

Nusu ya darasa langu imezaliwa mosi Januari. Mosi Januari ndiyo siku ya kuzaliwa ya Kakuma nzima. Ulivuka mpaka ukiwa mgongoni, mama hana karatasi, karani anataka tarehe — anaandika mosi Januari, anaita anayefuata. Hata mimi Akeno, mwenyeji wa hapa, kitambulisho changu kinasema hivyohivyo. Chifu alimuuliza mama yangu, mama akamtajia kiangazi, chifu akaandika Januari.

Na nina akina Nyabol Duop wawili. Si ndugu, baba zao ndio waliokuwa na jina moja. Darasani tunamwita mmoja Nyabol wa Kakuma Moja, mwingine Nyabol wa Kakuma Tatu, kwa kambi wanazoishi. Kadi zao zote: Nyabol Duop, mosi Januari 2005.

Wa Moja kikamfungukia. Wa Tatu kikamwandikia kwamba mtu huyu ana kifaa tayari. Kisha kufuli katikati ya kioo. Nimebonyeza kila kitufe. Kufuli tu.

Nyabol wa Tatu aliuliza kama amefanya kosa. Kosa!

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimewaandikia kampuni. Nimeeleza kila kitu taratibu kama ninamfundisha mtoto wa darasa la tatu: watu wawili, jina moja, tarehe moja, kadi mbili tofauti, picha zao hizi hapa.

Lomuria ana dawa yake. Tuandike mbili Januari, siku moja tu, nani ataona? Nikamjibu, msimamizi ataona, maana amelipiwa nauli kutoka Nairobi aje kuona hilohilo. Akasema ninapenda sana kutafuta matatizo. Nyabol mwenyewe alikuwepo, akasema polepole kwamba kwao tarehe ya mama iliwahi kupishana na ya kompyuta kwa tarakimu moja, wakakatiwa chakula hadi mvua zikaja. Tarehe yake haiguswi. Lomuria akatazama saa yake. Mtu akizungumza habari ya njaa, yeye anatazama saa!

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya kanisa nimekwenda Kakuma Tatu kwa mama yake Nyabol. Ejok, ejok, tukasalimiana, nikapewa kiti cha pekee kilichopo, yeye akakaa chini ya turubai. Nikamuuliza, mama, huyu alizaliwa lini hasa? Alijua vizuri sana. Alizaliwa wakati wa kuvuna mtama, mwaka ambao mjomba wake alioa, mto ulikuwa umepungua, na mvua ya mwisho ilinyesha siku ileile. Tukahesabu pamoja. Ni 2007. Msichana ana miaka kumi na minane.

Lakini kwa kadi ana ishirini. Mwakani mtihani ukirudi, kadi itasema ametimiza ishirini na mmoja, amepitwa na wakati. Kwa hiyo ni Jumamosi hii au basi.

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia karani habari za mtama. Akasema alimwambia. Karani alicheka. Malesh, si kitu, mwalimu, akanituliza mimi! Nimetembea kurudi nyumbani nikitema mate njia nzima, nusu vumbi, nusu karani.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kampuni imejibu. Naomba niyaandike majibu yao hapa nisije nikadhani niliota. Wamefurahi sana kupata habari kutoka Turkana. Wanaheshimu utofauti wa wateja wao wote. Kwa usalama, mtu mmoja hawezi kumiliki vifaa viwili. Tafadhali tumwombe Nyabol achague kifaa anachokipenda zaidi.

Achague!

Nimesoma mara tatu, mara ya nne nikashindwa. Picha za nyuso mbili niliwatumia. Mmoja ana alama za kabila kwenye paji la uso, mwingine hana. Mtu na macho yake ameziona, akaandika Nyabol achague.

Nikampelekea Lomuria, nikidhani sasa atapiga simu mahali. Akacheka. Kisha akasema maneno ambayo sitayasahau: "Madam Akeno, wengine wote wako sawa. Mmoja akibaki nje, ripoti haiharibiki." Ripoti! Nilitoka bila kuaga.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimepata njia. Sijui niite njia au shimo.

Kuna watu duniani ambao kazi yao ni kufungua mifumo ya vikokotoo hivi, wameufungua na huu mpya. Wameuondoa ule mlango wa kampuni. Unaandika jina na tarehe, hakipeleki popote, hakimuulizi mtu. Taa ya kijani inawaka. Kumbukumbu inafungwa kama ya wengine — wanasema. Nimesoma maelezo yao tangu asubuhi. Faili ni dogo, hata mtandao wetu umeliweza.

Kwenye kioo hakutakuwa na neno tofauti na kadi. Msichana ni yeye, kadi ni yake, hesabu atakazofanya ni zake. Kilichobadilika ni kwamba hatukuomba ruhusa kwa watu wanaodhani yeye ni mwenzake. Nimejieleza hivyo mara nyingi leo. Mtu asiye na wasiwasi hajielezi mara nyingi.

Maana kanuni ya mtihani iko wazi: mfumo uliochezewa ukipatikana, kituo chote kinafutwa. Arop, Nyabol wa Moja, wote. Nami na kazi yangu, ingawa hiyo leo naiona haina thamani ya soda ya moto.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeuweka. Peke yangu, darasani, mlango nimeufunga kwa dawati. Mstari ulijaa polepole kuliko ule wa halali, au ni moyo wangu. Kufuli ikatoweka. Nikaandika Nyabol Duop, mosi Januari 2005. Taa ya kijani! Nilikiweka kando ya kile cha Nyabol wa Moja. Huwezi kuvitofautisha.

Nikamwita wa Tatu, nikampa. Aliwasha, akazima, akawasha. Akauliza kama kampuni imekubali. Ningeweza kusema ndiyo. Ningemaliza kazi. Nikamwambia ukweli, sijui kwa nini, labda kwa sababu wiki nzima hakuna mtu aliyemwambia.

Akakirudisha mezani kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa. "Mwalimu, birthday yangu karani alidanganya. Kalkuleta pia idanganye? Sasa mimi nitabaki na kitu gani ya ukweli?"

Nikambembeleza. Nikamwambia mwakani hakuna. Nikamkaripia hata. Akasema asante, mwalimu, mimi na mwenzangu tutaona vile tutafanya. Nikamuuliza vipi. Akaaga, akaondoka.

Kikokotoo nimekitia kwenye mkoba. Nimeudhika naye, na nimejiudhi zaidi. Mimi na ile kampuni, sote tunamwambia achague.

Jumamosi, 18 Oktoba. Nje ya ukumbi

Naandika nimekaa kwenye ngazi karibu na dirisha, walimu haturuhusiwi ndani. Lomuria alikuja na mpiga picha, wamepiga lango, wamepiga fulana, wameondoka kabla mtihani haujaanza.

Kumbe mpango wao ulikuwa huu: wameingia wawili na kikokotoo kimoja. Wakakaa madawati jirani. Mmoja akimaliza kuchora grafu, anampa mwenzake. Msimamizi aliposimama juu yao, Nyabol wa Moja akamwonyesha kioo: jina Nyabol Duop, tarehe mosi Januari, na kadi mbili hizi, zote ni sawa. Akamweleza kama mtu anayeeleza jambo la kawaida. Kwao kadi ya chakula ina jina moja, na wanakula watu tisa. Walidhani kabisa ndivyo inavyokwenda! Kambini ndivyo inavyokwenda. Mwenye jina anapanga foleni, sufuria ni ya wote.

Msimamizi si mtu mbaya. Nilitaka awe mbaya, ningepata wa kumchukia hapa karibu. Alitoka nje jasho linamtiririka, akaniambia kanuni ni kila mtu na chake, chenye taa ya kijani. Kama kuna kingine nikilete kabla hajamaliza kugawa karatasi ya pili, atakikagua na kuwaacha waendelee. Kama hakuna, mmoja anatoka.

Kisha akapunguza sauti. "Wewe ndiye unawajua, mwalimu. Anatoka nani?"

Ameingia kugawa karatasi. Nasikia viatu vyake kutoka dawati hadi dawati, hana haraka, ananipa nafasi maskini wa Mungu.

Nimekitoa kwenye mkoba. Kiko mapajani, taa inawaka, jua kali lakini inaonekana. Ndani kuna Arop na wenzake wote, wameinama wanaandika, hawajui nilichokishika.

Dirisha liko wazi. Nyabol wa Tatu amekiona. Anatikisa kichwa: hapana. Macho yamemjaa machozi lakini anatikisa kichwa.

Nyabol wa Moja naye amekiona. Amemsukumia mwenzake kile cha halali, kimefika katikati ya dawati lake. Halafu amenyoosha mkono wake nje ya dirisha, kiganja juu, ananingoja nimpe yeye hiki.

Viatu vimefika safu ya mwisho.