Chupa Tuliyokutunzia

Dada Perpetua,

Juzi tulikufanyia arobaini. Kaburi la kwenda hatukuwa nalo. Uliondoka Muscat ndani ya sanduku, ukapakiwa ndegeni pamoja na mizigo ya watu, na mazishi yako kule Rombo tuliyatazama kwenye simu ya Salome, mwenzetu wa kazini, tumebanana kitandani kwake mtaa wa Darsait. Mtandao ukakata wakati wanashusha jeneza. Ulipokaa sawa, watu walikuwa wameshaanza kuweka mashada. Ile simu naichukia mpaka leo, na najua haina kosa.

Kazi yako wamenipa mimi. Jioni mgahawa wetu wa Kijapani ukifunguliwa, ni mimi ninayepita mezani na sake, ile pombe yao ya mchele, na wageni wale wa mtaa wa Qurum uliowazoea wananiuliza yule dada mwingine yuko wapi. Nawajibu umerudi nyumbani. Sijawadanganya, au siyo?

Nakumbuka ulivyonifundisha, saa zile za alasiri mgahawa umefungwa na viti vimepinduliwa juu ya meza. Ulinimiminia kidogo, nikaonja, nikasema nzuri. Ukanitolea macho. "Nzuri siyo ladha, Tabitha. Sema kilichomo mdomoni." Nikaona aibu, nikasema nasikia maji ya kuoshea mchele, nikijua sasa utanicheka. Ulicheka kweli, lakini kwa furaha, kwa sababu nilikuwa nimepatia. Ulisema mama yako alipika mbege maisha yake yote, na kwenu mtoto alijua pombe imelala siku ngapi kabla hajajua kusoma. Mimi mtoto wa mlokole wa Singida nilikuwa nimekishika kile kikombe kama nimekiiba.

Sake ya ile chupa ya mwisho ndiyo uliyoipenda kuliko zote. Inatoka kwa mzee mmoja na mkewe, kiwanda cha nyumbani tu, huko milimani kwenye theluji alikozaliwa mpishi wetu Mjapani. Haichemshwi. Inakaa kwenye baridi, na ukishaifungua inageuka kila siku, mwisho inaharibika. Wengine waliona kero, wewe uliona raha. Ulikuwa unaionja kila alasiri na kunieleza imefika wapi: leo tikiti, kesho ndizi iliyoiva juzi, keshokutwa chumvi inaanza kuja nyuma ya ulimi. Mpishi alipotuambia yule mzee amefunga kiwanda, hana wa kumwachia, na chupa iliyobaki ni hiyo moja, uliifungua wewe mwenyewe. Tukaonja pamoja. Ukasema tikiti, lakini bado bichi. Usiku ule homa ikakushika.

Kutoka hospitali ulinipigia. Sauti yako ilikuwa imekwisha, unahema kila baada ya maneno mawili, na ulichouliza ni sake. "Malizeni ile chupa, itaharibika. Mkinywa unipigie, uniambie imefika wapi."

Dada, ningewezaje? Salome alisema tukiimaliza tunakuchuria, ni kama kusema hurudi. Nikaona anasema kweli. Nikachana upindo wa kanga yangu, nikaufunga shingoni mwa chupa ili mtu asiiguse, nikairudisha kwenye friji. Nikakudanganya kwamba mgahawa una wageni wengi, hatujapata nafasi. Ukasema sawa. Ulipopiga tena uliuliza tena, nami nikasema kesho.

Ulipotutoka, ndiyo kabisa. Cha marehemu hakiguswi mpaka arobaini, ndivyo tulivyolelewa wote, na hakuna aliyebisha. Wahudumu wa Kihindi waliipita, Wafilipino waliipita. Mpishi alikuwa anafungua friji kila siku, anakitazama kile kitambaa, anafunga.

Basi juzi alasiri tukakusanyika. Salome alipika wali wa nazi, tukasali, nikafungua kitambaa. Mpishi alinimiminia kwa mikono miwili, kwa kuwa kwao mtu hajimiminii mwenyewe. Kabla haijafika mdomoni nilikwishajua. Ilinuka siki, na chini ya siki kulikuwa na kitu kama tambara lililokaa na maji. Nilimtazama mpishi. Aliinamisha kichwa. Alisema alijua tangu wiki ya kwanza kwamba inakufa mle ndani, lakini alidhani ndiyo mila yetu, akaona si adabu kutusemesha.

Kila mtu alikuwa na heshima, dada. Tumekuheshimu mpaka tumeiua.

Wakaniuliza ikoje. Salome alikuwa ameshaanza kulia, na niliona anataka niseme nzuri, wote wanataka niseme nzuri ili tule wali twende zetu. Nikasema imeharibika, hakuna kilichobaki. Kisha nikatoka nje nyuma ya jiko, kwenye joto, nikalia kama sijawahi kulia, hata siku ulipokufa sikulia vile.

Kwa sababu nimeelewa kwa kuchelewa ulichokuwa unaomba. Wewe hukuwa na shida na chupa. Ulikuwa umelala peke yako kwenye chumba cheupe na mpira wa hewa puani, na ulitaka dakika moja tu ya alasiri yetu, mtu akueleze leo imefika wapi. Sisi tukakunyima, tukasema tunakutunzia.

Pumzika, dada yangu. Sina kaburi lako la kupalilia, kwa hiyo nakuahidi hili: mgonjwa wangu yeyote akiniambia nile, nitakula, na akiniambia ninywe, nitakunywa siku hiyo hiyo, na nitampigia kumweleza ladha yake angali anasikia.

Kwaheri, Perpetua.

Mdogo wako,
Tabitha