Nilijumlisha Mapenzi ya Baba

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa sababu mimi ni mwalimu wa uchumi hapa Szeged na nimemtoa baba yangu nyumbani kwake kwa hesabu niliyojua ni batili. Baba, mzee Ambrus, alianguka uani akichuma pilipili, kaka yangu Szilárd akataka ahamie kwake Budapest, baba akakataa, wakagombana, nami kwa kutaka amani nikasema kila mmoja aandike namba yoyote, ilimradi anachokipenda zaidi kipate namba kubwa zaidi. Kwa nyumba yake baba akaandika kumi, kwa Budapest nne, mimi nikaandika sita na saba, Szilárd akaandika sifuri na mia, nikajumlisha, Budapest ikashinda. Baba akaniangalia, akasema, “Mwanangu, ningejua namba hazina mwisho ningeandika milioni.” Szilárd akacheka, “Hesabu ni hesabu, mzee, umekubali mwenyewe!” Sasa baba anashinda kwa Szilárd, ghorofa ya nne, amevaa koti, hataki kulivua, mnunuzi wa nyumba amepatikana, na Ijumaa baba atatia sahihi kwa kuwa aliahidi. Namwogopa kaka. Nifanye nini?
Etelka, Szeged

Etelka, pole, lakini usitegemee nikubembeleze. Kumi ya baba yako inasema jambo moja tu: anapenda nyumba yake kuliko Budapest. Angeandika mbili na moja, angesema lilelile. Mia ya kaka yako nayo haisemi kwamba anataka mara kumi zaidi ya baba. Inasema anapenda Budapest, basi. Mapenzi ya mtu mmoja unaweza kuyapanga kwa namba. Kuyajumlisha na ya mwingine hakuna maana, maana hawakupima kwa kipimo kimoja. Hayo unawafundisha watoto wa watu! Ulitaka karatasi iseme yale ambayo wewe uliogopa kuyasema.

Hofu ya Szilárd si ya uongo, mzee alianguka kweli. Kwa hiyo muulize baba swali la maana: ili abaki kwake, yuko tayari kukubali nini? Mtu wa kumwangalia kila siku? Kulala chumba cha chini? Kuacha kulima? Hapo utajua anaipenda nyumba kiasi gani.

Leo mpigie mnunuzi, umwambie Ijumaa haipo. Kesho panda treni. Kaka yako akiwepo, sema, “Baba, ahadi yako haikufungi, mimi ndiye niliyekosea.” Szilárd atapiga kelele. Mwache apige, na tiketi ya kurudi ukate mbili.