Anayesimama Mbele

Adungosi,
9 Machi 1964

Mwanangu Nicholas,

Pokea salamu zetu. Hapa hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Mguu wa mama yako umepona na ameanza kupalilia. Wewe na watoto mko wazima?

Juzi nilikwenda Malaba kununua chokaa. Mwuza ngozi mmoja akaniamkia kwa mikono miwili. "Mzee Echodu, wewe ndiye baba wa imamu?" Nikamwambia hapana. Nimerudi nyumbani na hasira, maana hata sijui nimekana nini. Ulipoingia Uislamu ukaacha jina la ubatizo, nilinyamaza. Ulipoanza kuitwa Idrisa, nilinyamaza. Sasa hili ni jina la tatu? Au ni cheo cha kuamuru watu, kama chifu? Nieleze kabla hujakanyaga hapa.

Baba yako

Busia,
20 Machi 1964

Papa mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Nimefurahi kusikia mama anapalilia. Sisi ni wazima, cherehani inatulisha.

Imamu si jina, wala si uchifu. Mzee Shabani aliyekuwa akituongoza alifariki katika Ramadhani, na watu wa msikiti wakanichagua mimi. Neno ni la Kiarabu. Mwalimu wangu kule Mumias alisema asili yake ni neno lenye maana ya "mbele": imamu ni anayesimama mbele, wengine wakamfuata. Waarabu wa zamani waliuita hivyo hata uzi wa mwashi, ule unaouvuta ili ukuta usipinde. Wako Waislamu ambao kwao maimamu ni viongozi wa uzao wa Mtume; kwetu sisi ni yule anayeswalisha. Akikosea, walio nyuma humkumbusha. Udhu ukimtoka, hurudi nyuma na mwingine akashika nafasi.

Lakini Papa, nimefundishwa pia kwamba mtu anayechukiwa kwa haki asiwaongoze wenzake katika swala. Nitasimamaje mbele ya watu, nawe baba yangu umenikana sokoni? Nimewaambia sitasimama mpaka unijibu.

Mwanao,
Idrisa

Busia,
11 Mei 1964

Papa,

Salamu nyingi. Natumaini mvua haijaharibu mihogo, na mama ni mzima.

Hujanijibu. Wandera, dereva wa lori la pamba, anasema barua alikupa mkononi. Huku mambo si mazuri. Ijumaa wazee walibishana nani aswalishe, na wawili wakaenda zao bila kuswali. Mmoja akaniambia, "Idrisa, ugomvi wa nyumbani kwenu unatuadhibu sisi."

Ukisema hapana, nitakubali. Kimya chako ndicho kinachonishinda.

Mwanao

Adungosi,
29 Mei 1964

Mwanangu,

Hatujambo. Mihogo imesimama.

Nilinyamaza kwa kusudi. Nilidhani usiposimama watakuchoka, nawe utarudi kwetu. Jumapili tulipotoka kanisani mama yako akaniambia, "Mtu mzima mwenye watoto wake amekuomba ruhusa, nawe unamfungia mdomo. Siku hizi ni mwana wa nani anayeomba?"

Dini yako sitaifuata. Nikifa nizikwe na watu wa kanisa langu, na usibishane nao. Lakini sikuchukii. Lile la sokoni lilikuwa hasira.

Simama, Nicholas.

Baba yako

Busia,
6 Juni 1964

Papa mpendwa,

Amani iwe kwako na kwa mama. Watoto wanawasalimu.

Jana nilisimama. Ukiwa mbele humwoni mtu yeyote; unasikia tu watu wakiinama na kuinuka nyuma yako. Katikati ya swala nikasikia mtu akikohoa nje, karibu na mlango. Kikohozi kile nakijua tangu utoto. Sikuweza kugeuka. Nilikuwa na watu nyuma yangu, ikanibidi nimalize nao polepole, sawasawa.

Nilipotoa salamu ya kumaliza swala nikatoka mbio bila viatu. Hukuwepo. Anyango, mama wa hoteli iliyo ng'ambo ya barabara, akaniambia, "Yule mzee alisimama juani tangu mnaanza, kofia mkononi. Nilimpelekea kiti, akakataa. Akasema, 'Mwanangu amesimama, nami nitasimama.' Halafu akadandia lori la Malaba."

Ungengoja, Papa. Chakula kilikuwa tayari.

Mwanao